Puli Isiyovuta Kitu

Kofia ya beringi ilipoinuliwa, vilidondoka vipande vya shaba ya manjano vyembamba mno, vyenye matundu ya boliti na mafuta meusi yaliyogandamana pande zote. Kijana anayefagia karakana alikwisha kuinama na kizoleo chake. Mzee, fundi seremala wa zamani, alimzuia kwa kiganja bila kusema neno, akaviokota kimoja kimoja, akavifuta kwa pindo la shati lake, kisha akavipanga juu ya ubao wa mninga kwa kufuata mahali vilipotoka, vya kulia kulia na vya kushoto kushoto. Ukucha ungeweza kuvipinda. Havikuwa na alama wala namba, wala umbo la kumwambia mtu kwamba vina kazi yoyote duniani. Nilikuwa nimekuja kutazama mashine ya zamani ya useremala ikifufuliwa, nikajikuta natazama vipande hivyo kuliko mashine yenyewe, na hadi leo ndivyo vinavyonijia kila ninaposikia mtu akisema kwamba kitu fulani hakina maana.

Mafundi huviita shimu. Mashine hii ya randa ni ya kizazi kisichojua beringi za gololi. Shafti inayobeba visu imelala katika kitanda cha metali nyeupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba nyekundu ambao Isaac Babbitt, sonara wa Massachusetts, aliubuni mwaka 1839. Metali hiyo ni laini kwa makusudi. Chembe ya mchanga ikiingia, kitanda huimeza kabla haijaikwaruza shafti. Mafuta yakikosekana, kitanda ndicho kinachoyeyuka, na shafti ikapona. Lakini kilaini huliwa. Mwaka baada ya mwaka shafti huchimba kidogo, ikaanza kucheza, na mbao zikatoka na mawimbi ambayo kiganja huyahisi kabla jicho halijayaona. Hapo fundi hufungua kofia, akatoa shimu moja kila upande, akafunga tena. Kofia hushuka kwa unene wa karatasi, shafti ikabanwa upya, kazi ikaendelea. Walioiunda mashine walijua kwamba italika, wakaiwekea humo humo mwilini mwake akiba ya kulika. Akiba haiozi, tunasema tukifikiria nafaka na fedha. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuweka akiba ya uzee wa kitu siku anayokizaa.

Upande wa puli shimu zilikuwa chache kuliko upande wa pili. Nilimwuliza Mzee sababu, akaniambia mkanda ulikuwa ukivutia huko, kwa hiyo huko ndiko kulikolika zaidi. Maana yake ni kwamba kila shimu iliyokosekana ilikuwa ziara ya mkono fulani. Mtu alisikia shafti ikilalamika, akasimamisha kazi, akafungua, akatoa kipande kimoja, akafunga. Hakuandika tarehe wala jina. Historia ya mashine hii imeandikwa kwa vitu visivyokuwepo, na anayetaka kuisoma lazima kwanza ajue vilipaswa kuwa vingapi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Naiheshimu methali hiyo katika mambo mengi, lakini karakanani siikubali. Kijana mwenye kizoleo aliambiwa maana, papo hapo, vipande vikiwa mbele yake, na tangu siku hiyo hafagii chini ya mashine bila kupiga magoti kwanza na kutazama.

Mashine yenyewe ilitoka katika karakana ya shamba la mkonge, upande wa Korogwe. Mwenye karakana tuliyokuwamo aliinunua kwa bei ya chuma chakavu, na kama angechelewa ingekwisha kukatwa kwa gesi. Mkoa wa Tanga umejaa mabaki ya namna hii, kwa kuwa mkonge, ambao Richard Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893, haukusimama peke yake. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na baadaye zikaja korona za kuchakata majani, boila, injini, na nyuma ya vyote hivyo karakana ya shamba. Shamba lililo mbali na mji lilipaswa kujitengenezea milango, meza za ofisi, matroli, vipini, masanduku, na majeneza, kama Mzee alivyokumbuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza dunia kwa mkonge. Kisha nyuzi za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mengine yakafifia polepole, na karakana zikafungwa zikiwa na kila kitu ndani. Aliyetia kufuli hakukusudia kuhifadhi chochote. Kazi ilikwisha, akafunga mlango, akaenda zake. Hata hivyo kufuli hilo limetuhifadhia mambo ambayo vitabu vingi havikuyahifadhi.

Chini ya meza ya mashine, kwenye fremu yake, kulikuwa na shafti fupi yenye puli mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu, za upana mmoja na karibu kipenyo kimoja. Moja ilishikwa kwenye shafti kwa kii. Nyingine ilizunguka yenyewe: ukiisukuma kwa kidole inakwenda, shafti imetulia. Haikuvuta kitu, wala haikuvutwa na kitu. Mchomeleaji aliyeitwa kuziba ufa wa mguu mmoja aliiona, akasema kii imeng'oka, akaanza kuandaa vifaa vyake aichomelee ishike. Lilikuwa pendekezo la mtu mwenye akili timamu. Puli isiyogeuza shafti imekufa, na kilichokufa huletwa kwa fundi kirudi kazini. Wengi wetu tungemshukuru, tukamlipa.

Aliyesita ni binti wa mwenye karakana, anayesoma chuo cha ufundi na aliyekuwa akichora kila kifaa katika daftari kabla hakijasafishwa. Alipitisha kidole ndani ya tundu la puli hiyo akakuta bushi ya shaba, laini, isiyo na jeraha lolote la kii iliyovunjika. Akakuta na kitundu cha mafuta. Akapima kwa venia, akaona kipenyo chake ni kidogo kuliko cha mwenziwe, kwa tofauti ambayo jicho lisingeigundua. "Babu," akasema, "nani angeitobolea puli kitundu cha mafuta kama hakutaka izunguke peke yake?"

Mzee hakujibu kwa mdomo. Alikwenda akasimama mahali anaposimama mwendesha mashine, akanyoosha mkono wa kushoto chini kidogo ya kiuno, akashika fimbo ambayo haikuwepo, akaisukuma kando. Mwili wake ulikumbuka kabla ya ulimi. Kisha akasema, "Hapo ndipo mkanda ulipokuwa ukipumzika, mjukuu wangu."

Zamani kila mashine haikuwa na mota yake. Injini moja iligeuza shafti ndefu iliyopita chini ya paa kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka kwenye shafti hiyo mikanda ya ngozi ilishuka hadi kwenye msumeno, randa na jiwe la kunolea. Shafti ya juu ikishaanza asubuhi haikusimamishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hiyo aliyetaka kubadilisha visu vya randa yake alisukuma uma wa chuma, nao ukauhamisha mkanda kutoka puli ya kazi hadi puli iliyo huru. Mkanda uliendelea kukimbia, puli huru ikakimbia nao, na mashine ikasimama kimya huku karakana nzima ikinguruma. Puli huru ilifanywa ndogo kidogo ili mkanda ulegee usichoshwe bure. Uma wenyewe tulikuja kuuona siku nyingine, umeegemezwa dirishani kuzuia upepo usifunge ubao wa dirisha. Kwa miaka isiyojulikana ulifanya kazi hiyo ya dirisha, na pengine ndiyo iliyouokoa.

Nimeifikiria puli hiyo kwa muda mrefu. Ni kifaa kilichochongwa kwa ustadi uleule, kikatiwa bushi ya shaba, kikatobolewa njia ya mafuta, ili kazi iweze kukoma. Ukikitazama kwa jicho linalouliza kila kitu kinazalisha nini, kitaonekana ni hasara tupu. Lakini kiondoe, au kichomelee kwenye shafti, na umetengeneza mashine isiyoweza kusimama mpaka injini izimwe. Fundi atalazimika kuchezea visu vinavyozunguka au kuwasimamisha wenzake wote. Walioiunda karakana ya aina hii walifahamu kwamba pumziko linahitaji chuma chake, mafuta yake na mahali pake, kwamba halitokei lenyewe kwa kuwa watu wamechoka.

Na hapo mawazo yangu yanakwenda nje ya karakana, kwenye mistari ya mkonge. Wafanyakazi wa mashamba hayo, manamba walioletwa kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Ruanda-Urundi, walifanya kazi kwa kipande. Ilikuwa kadi yenye siku 30 za kazi, na ujira ulitolewa siku hizo zilipotimia. Siku ya homa haikutiwa alama. Siku ya msiba haikutiwa alama. Kwa upande mwingine, kiwandani mtu alikuwa amekaa na penseli akikokotoa ni milimita ngapi puli ipunguzwe ili mkanda wa ngozi ya ng'ombe usichoke bila sababu. Aliufanya uangalifu huo vizuri sana. Mimi naishika puli yenyewe mkononi na nakubali ubora wake, na bado nauliza uangalifu huo uliishia wapi ulipotoka kwenye ngozi ya ng'ombe ukafika kwenye ngozi ya mtu. Sijui namna ya kuirekebisha mashine kama hii bila kuliuliza swali hilo. Kila kifaa tunachokitambua kinatuambia kwamba waundaji walikuwa na uwezo wa kuona mbali, na kwa hiyo kinatunyima kisingizio cha kusema kwamba zama zile hazikujua.

Tukaendelea kusafisha. Mafuta ya taa, brashi ya waya, tambara, na tena mafuta ya taa. Chini ya kutu na rangi zilizopakwa tabaka juu ya tabaka vikatokea vidoti: kimoja kwenye kofia, kimoja kwenye kitanda chake, viwili kwenye kofia ya pili, viwili kwenye kitanda cha pili. Fundi wa kiwandani alivigonga kwa senta panchi ili kila kofia irudi kwa mwenziwe na isigeuzwe mbele nyuma. Hayo ndiyo maandishi pekee ya mkono yaliyomo kwenye mashine nzima. Bamba la jina liling'olewa zamani, zikabaki tundu za ribiti. Sijali sana kulikosa. Jina la kiwanda lingetupa mji na huenda mwaka. Vidoti vimetupa mtu aliyeinama, nyundo mkononi, akimfikiria mtu mwingine ambaye siku moja atafungua.

Kuna jambo jingine ambalo mwili wa mashine hulisema ukiugusa vizuri. Mbavu za fremu hazikusimama wima kabisa, zimelala kidogo kuelekea ndani, na kona zake zote za ndani zimejazwa zikawa mviringo. Hiyo ni tabia ya chuma cha kusubu, na chuma cha kusubu huzaliwa na mbao. Kabla ya chuma kumiminwa, seremala wa kiwandani alichonga mfano mzima wa fremu kwa mbao laini iliyokauka vizuri, akaulainisha, akaupaka vanishi. Mfano ulizikwa kwenye mchanga wenye unyevu, mchanga ukashindiliwa, kisha mfano ukachomolewa polepole na kuacha kalibu. Kama mbavu zingekuwa wima, zingeng'oa mchanga wakati wa kutoka. Ndiyo sababu zimelazwa. Seremala huyo alipimia kwa rula maalumu, ndefu kuliko rula ya kawaida kwa takriban sehemu moja kwa mia, kwa kuwa chuma hunywea kikipoa. Alichonga kitu kikubwa kuliko kinachotakiwa, akijua moto utakipunguza. Herufi na namba zilizoinuka kwenye chuma zilibandikwa kwanza kwenye mbao, moja moja, na yeye au mwanafunzi wake. Na baada ya kusubiwa, vyuma vya mashine bora viliachwa nje miezi mingi, vikinyeshewa na kuanikwa jua, ili vijikunje vinavyotaka kujikunja kabla ya kuchongwa sawasawa. Seremala yeyote wa Keko au Gikomba anayesubiri mbao zake zikauke angeielewa subira hiyo bila kuelezwa.

Kwa hiyo mashine ya kuranda mbao ilikuwa kwanza mbao, na mtu wa kwanza kuiona ikiwa na umbo lake kamili alikuwa seremala. Wazo hilo lilinifurahisha kuliko lolote nililolipata katika kazi hii. Tumezoea kuambiwa kwamba chuma kilikuja kuchukua nafasi ya mkono, na ni kweli kwa sehemu kubwa. Kule Portsmouth, Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 19, Marc Brunel na Henry Maudslay waliweka mashine 45 za kutengeneza kapi za mbao za merikebu za kivita, na watu 10 wakafanya kazi iliyohitaji watu 110. Kapi hizo ni za ukoo mmoja na zile zinazopandisha foromali ya jahazi katika bandari zetu, ambazo fundi bado anaweza kuzichonga kwa patasi. Wale 100 waliopungua hawana sanamu popote ninapojua. Lakini mikono yao haikupotea yote. Baadhi ya maarifa yao yaliingia ndani ya chuma, yamelala humo kwenye kona zilizojazwa na mbavu zilizolazwa, na kila anayefungua mashine ya zamani kwa adabu anayagusa.

Boliti zilitusumbua. Kijana alileta boliti mpya ya milimita, ikaingia mizunguko miwili, ikakaza. Thredi za mashine hii zina pembe ya nyuzi 55, kipimo alichokipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841 wakati kila karakana ya Uingereza ilikuwa ikikata thredi zake kwa matakwa yake. Za milimita zina nyuzi 60. Anayelazimisha huharibu boliti na tundu kwa pamoja. Mtu anaweza kudhani hapo ndipo penye hati ya kuzaliwa ya mashine, lakini viwanda vya Ujerumani navyo vilitumia sana thredi za Whitworth kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Tanga ilikuwa mji wa Wajerumani wakati huo. Dalili moja haitoshi kumtaja mzazi. Tukatafuta boliti za kufanana nazo kwenye masanduku ya mafundi wazee, tukazipata chache, nyingine zikakatwa upya na fundi wa leith.

Huwa najiuliza kwa nini kifaa kikitengwa na wenzake hupotewa na maana haraka hivyo. Keekee ya fundi wa majahazi wa Lamu ina uta. Uta huo ukiukuta peke yake pwani, kijiti kilichopinda kidogo na uzi wake umelegea, utadhani ni mchezo wa mtoto. Uta ukipewa mti wa keekee, kichwa cha kushikia juu na ncha ya chuma chini, fundi akivuta na kusukuma, tundu linashuka ndani ya ubao wa msaji mbele ya macho yako. Maana ilikuwa kwenye mkutano wa vitu vinne na mkono. Kwa mtepe hali ni ngumu zaidi. Chombo hicho kilichoshonwa kwa kamba za nazi, chenye tanga la mkeka, hakipo tena baharini. Tunayo mifano midogo kwenye makumbusho na maandishi ya waliokiona, tunajua majina ya sehemu zake nyingi, lakini mkono uliojua kamba ikazwe kiasi gani kabla haijakata ubao umekwenda na mwenyewe. Jina bila mkono ni nusu ya maarifa. Na mkono bila jina, kama ule wa Mzee uliosukuma fimbo isiyokuwepo, ni nusu nyingine, nayo ina umri wa mtu mmoja tu.

Ndiyo maana naumizwa na mizani ya chuma chakavu. Siwalaumu vijana wanaosukuma mikokoteni mtaani. Wanatafuta riziki, na ganda la muwa la jana chungu kaona kivuno. Ninachokilalamikia ni swali lenyewe ambalo mizani huuliza. Huuliza uzito na kunyamaza. Fremu iliyosubiwa kwa mfano wa seremala, puli ya pumziko, kofia yenye vidoti viwili, vyote hujibu kwa kilo. Kile ambacho mtu hakukitambua mchana huo hakipati nafasi ya kutambuliwa kesho, kwa kuwa kesho ni nondo. Ningependa kila karakana yetu iwe na rafu moja ya vitu visivyojulikana, na mtu wa kuvichora, na ningependa vyuo vya ufundi viwapeleke wanafunzi wao kwa wazee kabla ya kuwapeleka kwa wauza mashine. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbacha huu hatujamaliza hata kuukunjua.

Hata hivyo kifaa cha mwisho tulichokitambua kilinifunza kinyume cha hamu yangu ya kurudisha kila kitu mahali pake. Ni kichwa cha visu chenyewe, moyo wa mashine, kile kinachozunguka kati ya meza mbili. Kwenye mashine mpya huwa ni mviringo. Hiki kilikuwa cha pembe nne, pande nne bapa zenye mifereji, na visu vilifungwa kwa boliti juu ya bapa hizo. Mchomeleaji alidhani ni ekseli ya trekta. Kilikuwa kizuri, sina neno jingine, kizito, kimechongwa sawasawa, na mwenye karakana alitaka kirudi kama kilivyotoka kwa kuwa kila kitu kingine kilikuwa cha asili.

Kichwa cha pembe nne kikizunguka, pembe zake ndizo zinazokata na bapa zake huacha uwazi. Kila mzunguko, mara nne, kati ya mdomo wa meza na bapa hufunguka nafasi inayotosha kidole, kisha pembe inakuja. Jicho halioni uwazi huo. Kwa mwendo ule wote huonekana kama kivuli kimoja cha mviringo. Mbao ikiruka kwa sababu ya fundo, mkono unaoisukuma hushuka, na kinachofuata mafundi wa zamani walikijua mno. Uingereza ilipoweka kanuni za mashine za useremala mwaka 1922, iliagiza kwamba mashine ya randa inayolishwa kwa mkono iwe na kichwa cha mviringo, kinachojaza uwazi na kubakiza nafasi ndogo tu mbele ya kisu. Mashine zinazovuta mbao zenyewe hazikubanwa na sharti hilo. Mwaka huohuo wa 1922 Tanganyika ilikabidhiwa rasmi Uingereza chini ya Shirikisho la Mataifa. Kanuni zilikuwa za karakana za kwao. Kichwa hiki cha pembe nne kiliendelea kuzunguka hapa, na tuna shimu zilizopungua za kutuonyesha kwamba kilizunguka sana.

Mzee ana vidole vyote kumi. Nilimwuliza aliwezaje, akasema aliyemfundisha hakumruhusu kamwe kupitisha kiganja juu ya mdomo wa mashine, wala kuranda kipande kifupi bila ubao wa kusukumia. Akaongeza kwamba wenzake walifundishwa vilevile, na si wote wanavyo. Hakutaja majina. Mwenye karakana alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza mimi nasemaje, kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikihubiri siku zote kwamba kisitupwe kitu. Nilisema kisirudi. Kukitambua kifaa ni pamoja na kutambua kimefanya nini kwa watu, na mbao nzuri haziwezi kununuliwa kwa bei hiyo katika mji huu wala mwingine.

Fundi wa leith amechonga kichwa cha mviringo kwa chuma kigumu kinachoingia kwenye vitanda vilevile vya metali nyeupe, shimu zimerudi kwa mpangilio wake, na mota itawekwa kando, mkanda wake ukipita kwenye puli mbili kama zamani. Kichwa cha pembe nne hakikwenda kwenye mizani. Binti alikata bamba la shaba, akaligonga herufi kwa herufi kwa panchi, akalifunga kwenye boliti mojawapo ya visu: KICHWA CHA AWALI. KISIFUNGWE TENA. Mzee akaomba asomewe, kwa kuwa macho yake hayaoni maandishi madogo, akasema bado halijakamilika, kwa sababu atakayelikuta atataka kujua kwa nini. Nafasi ilibaki ya maneno mawili. Binti akagonga: KINAKATA VIDOLE.